Meno mangapi mbele, mangapi nyuma? Jibu kwa bodaboda wa Mabatini

Swali: "Fundi, habari za kazi. Naendesha pikipiki ya cc 125, kijiwe changu kipo Mabatini, Mwanza. Asubuhi nabeba dagaa na samaki kutoka Mwaloni Kirumba, mchana abiria, wengi wao wa kupanda Bugando na Isamilo. Tangu daraja la Busisi lifunguliwe napata pia safari za Sengerema. Pikipiki ilikuja na sproketi (magurudumu ya meno yanayobeba cheni) za meno 14 mbele na 42 nyuma. Fundi mmoja akaniwekea 13 mbele ili ipande mlima, na kweli ikapanda, lakini cheni haijafika miezi mitano na sasa inaruka meno nikiondoka na mzigo. Kijiweni wananiambia niweke 16 mbele, itakimbia na kula mafuta kidogo. Nibadilishe cheni peke yake au pamoja na sproketi? Na niweke meno mangapi?"

Salama ndugu yangu, pole na kazi.

Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa siku moja. Mbele rudisha 14, nyuma weka 45. Hiyo 16 wanayokusifia kijiweni iache, kwa kazi unayofanya itakuumiza. Na kama cheni imeshaanza kuruka meno, usibebe abiria mpaka ubadilishe. Cheni ikichomoka ukiwa kwenye mwendo inaweza kujisokota kwenye sproketi ya mbele ikapasua kava la injini, au ikafunga tairi la nyuma ghafla. Ukiwa unateremka Bugando na mtu mgongoni, hapo hatuzungumzii tena bei ya spea.

Sasa nieleze sababu, maana ukizijua hutahangaika tena kuuliza kila fundi na kila fundi akakupa namba yake.

Kinachoamua mvuto na mwendo si meno ya mbele peke yake wala ya nyuma peke yake. Ni ya nyuma ukiyagawanya kwa ya mbele, ndio unaoitwa uwiano. Pikipiki yako ilipotoka dukani ilikuwa 42 kwa 14, yaani 3.00: sproketi ya mbele izunguke mara tatu ndipo tairi lizunguke mara moja. Fundi wako alipoweka 13 ikawa 42 kwa 13, yaani 3.23. Nguvu ya kuvuta kwenye tairi ikapanda kwa karibu asilimia 8, na mwendo nao ukashuka: pale injini ilipokuwa inakupa kilomita 60 kwa saa, kwa mlio uleule sasa inakupa 56 hivi. Gia haitengenezi nguvu. Inachukua kwenye mwendo inaweka kwenye mvuto, au inachukua kwenye mvuto inaweka kwenye mwendo. Kwa hiyo fundi wako hakukudanganya, mlima ulipandika kwa sababu ulilipia kwa mwendo.

Piga sasa hesabu ya 45 kwa 14. Unapata 3.21. Tofauti yake na 3.23 haifiki hata asilimia 1, huwezi kuihisi mlimani hata ukijaribu. Kwa upande wa mvuto, basi, nimekuacha palepale ulipo. Ninachokihamisha ni mateso ya cheni.

Sproketi ndogo ya mbele inaitesa cheni kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja. Kwanza, injini inazungusha shafti kwa nguvu ileile, lakini sproketi ikiwa ndogo cheni inavutwa zaidi ili kazi ileile ifanyike. Kati ya meno 14 na 13 nyongeza hiyo ni karibu asilimia 8, na inakuwepo kila unapokaza mkono. Pili, kila kiungo kinapoingia kwenye sproketi ya meno 13 kinajikunja digrii 27.7. Kwenye meno 14 ni digrii 25.7, kwenye 15 ni 24. Kule kujikunja huku kikivutwa ndiko kunakosaga pini na bushi zilizo ndani ya cheni. Tatu, mzigo wote unagawanywa kwa meno machache zaidi, na kila jino linapigwa mara nyingi zaidi kwa kila kilomita. Na nne, jambo ambalo watu hawaliangalii: cheni inapita karibu zaidi na foku ya nyuma (mikono ya chuma inayoshika gurudumu la nyuma), ikianza kulegea inalila lile raba la kuzuia msuguano, kisha inaingia kwenye chuma. Kagua la kwako leo. Ukiona mfereji, chanzo unakijua.

Ndiyo maana nasema siku zote: ukitaka mvuto, ongeza nyuma kabla ya kupunguza mbele. Jino moja la mbele ni sawa na meno matatu ya nyuma, takriban, kwa pikipiki ndogo kama zetu. Kupunguza mbele kunapendwa kwa sababu sproketi ndogo ni ya bei ya chini na inafungwa kwa dakika chache bila kufungua tairi. Urahisi huo unaulipia kwa cheni.

Kuna jambo dogo la ziada, na hapa naingiza mapenzi yangu binafsi ya namba witiri. Cheni ina viungo vya aina mbili vinavyopishana, vya ndani na vya nje, na jumla yake huwa shufwa. Sproketi ikiwa na meno shufwa, kama 14, jino lile lile linakutana na aina ileile ya kiungo kila mzunguko, siku zote. Ikiwa na meno witiri, kama 15, viungo vinapishana juu ya kila jino na uchakavu unasambaa vizuri zaidi. Kwa hiyo ukibahatika kupata 15 mbele na 48 nyuma, unapata 3.20, mvuto karibu uleule, na cheni inapumua zaidi. Tatizo ni kwamba 48 ni sproketi kubwa, inaweza kugusa kava la cheni, na si kila duka linayo. Kwa mtu ambaye safari zake nyingi ni za Sengerema ningemwambia 15 na 45. Hiyo ni 3.00, sawasawa na ya kiwandani, ila cheni inazunguka kwenye duara kubwa zaidi mbele na nyuma. Kabla ya kununua 15 hakikisha inaingia ndani ya kava la mbele bila kugusa. Lakini wewe kazi yako ni milima na mizigo, kwa hiyo 14 na 45.

Twende kwenye 16. Ukigawanya 42 kwa 16 unapata 2.63. Ukilinganisha na unavyoendesha sasa, unapoteza karibu asilimia 19 ya mvuto katika kila gia, kuanzia namba moja. Tazama maana yake. Pikipiki kilo 115 hivi, wewe 70, abiria 70, furushi la dagaa 45: jumla kilo 300. (Wale abiria wawili mshikaki sitawahesabu, hilo utajibizana na trafiki.) Mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 10 unakuvuta nyuma kwa nguvu ya kilo 30, kabla hujahesabu msuguano wa tairi. Na Mwanza zipo njia kali kuliko hizo, hasa zile za mawe zinazopanda kwenye makazi ya mlimani hapo kwenu Mabatini na kule Igogo. Ukisimama katikati ya mlima kama huo kumpisha mtu, kisha ukaondoka na uwiano wa 2.63, utalazimika kushikilia klachi nusu kwa muda mrefu huku umekaza mkono. Pikipiki itaondoka, lakini klachi ndiyo itakayolipa. Baada ya wiki kadhaa utakuja kuniuliza kwa nini injini inalia na pikipiki haiendi.

Kijiweni watakujibu kwamba barabara ya Sengerema ni lami safi, na daraja lenyewe, karibu kilomita 3, ni mteremko wa raha tu. Ni kweli tangu Juni 2025 lilipofunguliwa hakuna tena kusubiri kivuko, na mtu anatamani kufungua mkono. Lakini kwenye lami tambarare kinachokuzuia si gia, ni hewa. Ukinzani wa hewa unakua kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka 60 kwenda 80 unapanda karibu mara 1.8, na pale darajani upepo wa ziwa hauna kitu cha kuukinga. Mifuko ya dagaa iliyotanuka pembeni inaongeza tena. Halafu kumbuka tupo juu. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo injini ya kabureta isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Pikipiki ileile inayovuta vizuri Kigamboni, hapa imeshapungukiwa kabla hujapakia chochote.

Ukiweka 16, basi, kitakachotokea ni hiki: gia ya juu itakuwa ndefu kuliko injini inavyoweza kuvuta, upepo ukigeuka utarudi gia ya chini yake, na utaendesha safari nzima kwenye gia hiyo. Umenunua gia ya juu usiyoitumia. Mafuta nayo ni hivyohivyo. Mtu anayetembea peke yake, bila mzigo, kwenye tambarare, anaweza kuokoa kidogo kwa sababu injini inazunguka taratibu. Mwenye mzigo anakaza mkono zaidi, anashusha gia mara nyingi zaidi, anachoma klachi. Hiyo akiba sijui ataitolea wapi. Na mjini mwendo unaoruhusiwa ni 50, ambao uwiano wako unaufikia bila shida.

Jambo moja la kukutuliza: kwenye pikipiki nyingi ndogo waya wa spidomita unatoka gurudumu la mbele, kwa hiyo kubadilisha sproketi hakuharibu usomaji wake. Unaweza kulinganisha mwenyewe kabla na baada. Kama ya kwako inasoma kutoka kwenye giaboksi, hapo ndipo namba zitakudanganya.

Sasa cheni yenyewe. Watu husema cheni imevutika, kana kwamba chuma kimerefuka. Vibati, yaani vile vipande bapa vya pembeni ya kila kiungo, havirefuki. Kinachotokea ni kwamba kila pini na bushi yake zimesagika kidogo, pengo dogo limejitokeza, na mapengo zaidi ya mia moja yakijumlishwa cheni inakuwa ndefu. Pikipiki yako bila shaka inatumia cheni namba 428. Soma kwenye kibati, imegongwa hapo. Namba ya kwanza, 4, ni umbali kutoka pini hadi pini ukihesabu kwa sehemu za nane za inchi: nne ya nane, yaani nusu inchi, milimita 12.7. Ile 28 inaeleza upana wa ndani, 5/16 ya inchi. Kwa hiyo usikubali kuuziwa 420 kwa kuambiwa ni zilezile. Nafasi ya pini ni ileile, lakini 420 ni nyembamba, haitakaa kwenye sproketi za 428.

Hiyo nusu inchi inakupa kipimo rahisi. Chukua futi ya seremala, upande wa inchi. Ivute cheni ikaze, hesabu pini 21, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Hapo kuna viungo 20, na cheni mpya itakupa inchi 10 kamili, milimita 254. Ikifika milimita 259 imerefuka kwa asilimia 2, na hapo imekwisha, hata kama bado inang'aa na hata kama vikaza cheni bado vina nafasi ya kurudi nyuma. Pima sehemu tatu tofauti, kwa sababu cheni haichakai sawasawa. Kama huna futi, ishike cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ivute kwenda nyuma. Ikiachana na sproketi mpaka unaona nusu ya jino, usipime tena, nenda dukani.

Swali lako la cheni peke yake au vyote: vyote. Meno ya sproketi yamesagika kufuata ile cheni iliyorefuka. Ukiweka cheni mpya yenye nafasi sahihi juu ya meno yaliyojikunja kama ndoano, viungo havikai chini ya jino, vinapanda ubavuni, na mzigo unabebwa na meno machache. Cheni mpya itafuata umbo la sproketi mbovu kwa muda mfupi sana. Na ya mbele ndiyo ya kwanza kufa, kwa sababu inazunguka mara tatu wakati ya nyuma inazunguka mara moja. Ile 13 ukiitoa, usiiweke akiba nyumbani. Itupe, la sivyo siku ya shida utaifunga tena.

Ukiwa dukani, usinunue kwa kuangalia boksi. Shika cheni mkononi, zungusha rola moja moja kwa kidole: zinapaswa kuzunguka bila kukwama. Ishike kwa ubavu, ncha moja mkononi, uone inavyopinda pembeni: cheni nzuri inapinda kidogo tu, hafifu inajikunja upinde mkubwa ikiwa bado mpya. Angalia vibati kama vimegongwa namba na alama ya mtengenezaji, na kama vingi havina kitu, rudisha. Ile yenye herufi H baada ya 428 ina vibati vinene zaidi, na kwa mzigo wa dagaa hiyo ndiyo unayoitaka. Kwa sproketi, omba tupa, pitisha kidogo kwenye ncha ya jino. Chuma kilichopikwa kinakataa tupa, inateleza juu. Ikilika kama bati, mwenye duka atanuna, lakini umeshajua. Cheni yenye oringi (vipete vya raba kati ya vibati) hudumu zaidi kwa sababu grisi imefungiwa ndani, ila ni nene kidogo pembeni, lazima uhakikishe haigusi kava la mbele.

Idadi ya viungo usikisie. Hesabu cheni ya zamani. Kila meno mawili yanayoongezeka, mbele au nyuma, yanadai kiungo kimoja zaidi. Wewe unatoka 13 na 42, jumla 55, unaenda 14 na 45, jumla 59. Meno manne, viungo viwili. Kama cheni yako ina viungo 112, mpya iwe na 114, na ekseli itakaa karibu palepale ilipo. Nyingi za dukani zinakuja ndefu, fundi anakata. Hakikisha anakata kwa kukisaga kichwa cha pini kisha kuisukuma, si kwa kupiga nyundo na patasi juu ya jiwe, maana kibati kilichopinda kitakatikia hapohapo.

Kufunga si kazi ngumu, lakini mpangilio una maana. Legeza bolti au nati ya sproketi ya mbele kwanza, cheni ya zamani ikiwa bado ipo, gia namba moja, mtu akiwa amekanyaga breki ya nyuma. Ukishaitoa cheni kabla ya hapo utapata taabu kuizuia shafti isizunguke. Ukifungua kava la mbele utakuta tope jeusi la mchanga na oili. Lisafishe lote, kisha angalia sili ya oili nyuma ya sproketi. Kama inavuja, badilisha sasa hivi. Tingisha shafti kwa mkono uone kama beringi ina mchezo. Nyuma, ukishatoa gurudumu, toa raba zilizo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu). Raba hizo zinapokea mshtuko wa kila unapoachia klachi, na zikishalegea cheni inapigwa mtetemo kila unapoondoka. Mafundi wengi wa haraka hawazigusi kabisa. Ni za bei ndogo kuliko spea zote nilizozitaja, na mara nyingi ndizo zilizoua cheni iliyopita.

Bolti za sproketi ya nyuma zina vibati vya kukunja juu ya nati. Weka vipya, vikunje vizuri. Loki ya cheni (kiungo cha kuunganishia ncha zake mbili) iwe na klipu yake ikitazama nje, na ule upande wa klipu uliofungwa uelekee inakokwenda cheni, yaani kwenye sehemu ya juu uelekee mbele ya pikipiki. Ukiigeuza, kitu chochote kikiipiga kinaweza kuisukuma ikachomoka.

Mistari iliyochorwa kwenye foku ya nyuma isikufanye ulale. Pikipiki iliyowahi kuanguka mistari hiyo inaweza kusema uongo. Pima kutoka kwenye bolti inayoshika foku hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia, viwe sawa. Halafu chuchumaa nyuma, chungulia kwa jicho moja kama cheni inaingia sproketi ikiwa imenyooka. Jino linaloliwa upande mmoja tu linakuambia kuwa gurudumu limekaa upande.

Sasa nifike mahali ambapo bodaboda wengi wa Mwanza wanapoteza cheni zao, na nadhani na wewe ni hapo hapo. Kukaza. Cheni inapolegea na kugonga, mtu anaikaza mpaka inakuwa kama uzi wa gita, pikipiki ikiwa tupu kwenye stendi. Inanyamaza, anafurahi. Kisha anapakia abiria na kilo 45 za dagaa, shokapu zinashuka, na foku ya nyuma inazunguka kwenye bolti yake. Katika kushuka huko kuna mahali ambapo ekseli, bolti ya foku na sproketi ya mbele vinakuwa kwenye mstari mmoja ulionyooka, na hapo umbali kati ya sproketi mbili ni mkubwa kuliko wakati wowote. Cheni iliyokazwa ikiwa tupu haina tena pa kwenda. Inavuta shafti ya giaboksi, inavuta beringi, inajisaga yenyewe, na kila shimo la barabara ya Nyakato linakuwa pigo la nyundo. Giaboksi ikianza kuvuja oili mbele, mara nyingi habari yake ilianzia kwenye spana ya ekseli.

Zungusha gurudumu kwa mkono kwanza, tafuta mahali cheni inapobana zaidi, kwa sababu cheni zote zina mahali hapo. Pima ulegevu hapo, katikati ya sehemu ya chini, kwa kuisukuma juu na chini. Kitabu cha pikipiki au kibandiko kilicho kwenye foku kitakupa kipimo. Kwa nyingi za aina yako ni kati ya milimita 20 na 30. Kisha fanya jaribio ambalo halimo kwenye kitabu: kaa juu ya pikipiki pamoja na abiria, mzigo ukiwepo kama wa kazini, na mwenzako ashike cheni chini. Lazima bado icheze kiasi cha unene wa kidole. Kama imekaza, legeza, hata kama ikiwa tupu itaonekana inaning'inia. Kelele kidogo ya cheni iliyolegea inavumilika. Kumbuka kukaza nati ya ekseli mwisho na kupima tena, maana kukaza nati kunasogeza gurudumu.

Baada ya kukaza, adui wa pili ni mchanga. Udongo wa hapa ni chengachenga za mawe ya granaiti. Zikichanganyika na grisi iliyopakwa nje ya cheni zinakuwa msasa unaozunguka. Usipake grisi nje. Wala oili chafu ya injini, ambayo ina masizi na unga wa chuma. Tumia oili ya gia namba 90, tone tone, upande wa ndani wa cheni ya chini, pale kwenye mapengo kati ya vibati, jioni baada ya kazi cheni ikiwa na joto, ili ipate usiku mzima wa kupenya. Asubuhi futa ya juu. Fanya hivyo kila kilomita 500 na baada ya kila mvua kubwa. Msimu wa masika kwako inaweza kuwa mara mbili kwa wiki. Kusafisha tumia mafuta ya taa na brashi. Petroli iache, hasa kama cheni ina oringi. Injini iwe imezimwa, gurudumu lizungushwe kwa mkono. Kuwasha na kutia gia ili cheni izunguke yenyewe huku umeshika kitambaa kumewanyang'anya watu vidole.

Na kuosha pikipiki ziwani, acha. Maji ya ziwa hayana chumvi kama ya bahari, lakini unaondoka pale na cheni iliyooshwa oili yote na kupakwa mchanga wa ufukweni, kisha inakauka ikiwa imeshika kutu. Isitoshe sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maji ya samaki ndiyo mabaya zaidi: ukitoka Mwaloni na tenga linalotiririka, hayo maji yanaangukia cheni. Weka karatasi la nailoni chini ya mzigo, na kama kava la cheni lilitolewa kwa ajili ya urembo, lirudishe.

Cheni mpya hulegea haraka siku za mwanzo, ni pini zinakaa mahali pake, kwa hiyo kagua tena baada ya kilomita 300 hivi. Na kama 45 haipatikani, usikubali kushushiwa mbele kuwa 13 ili kufidia. Chukua 44, itakupa 3.14, au hata 43, itakupa 3.07, huku 14 ikibaki mbele. Nenda dukani na sproketi yako ya zamani mkononi, ilaze juu ya mpya, ulinganishe matundu ya bolti na tundu la katikati. Kuna sproketi za meno sawa kabisa ambazo matundu yake yanapishana kwa milimita chache, na muuzaji atakuambia zinaingia.